Maumivu Yasiyoondoka na Jeraha: Kutoka Philadelphia Hata Mpanda

Katika Kiswahili mgonjwa husema kwamba anaumwa. Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba neno hili ni la kutendwa. Asili yake ni kuuma, kama mbwa aumavyo au nyoka, na kwa hiyo anayeumwa ni mtu aliyetiwa meno. Tumwulizapo, "Waumwa na nini?" twamtaka atuonyeshe kilichomwuma, naye aghalabu huonyesha: jino, tumbo, kidonda cha mguu. Lakini wako watu ambao wakiulizwa swali hilo hawana cha kuonyesha. Mfupa wao ulivunjika nao umeunga. Ngozi ilichanika nayo imefunga. Nyoka amekwisha kwenda zake, meno yake yamebaki. Watu hawa hukaa miezi, na wengine miaka, wakiumwa na kitu kisichoonekana. Jambo la pili linalowapata, ambalo pengine ni zito kuliko la kwanza, ni kwamba hawasadikiwi.

Mmoja wao ni mama yangu mdogo, akaaye Mpanda. Mwishoni mwa mwaka 2018 alianguka na baiskeli akitoka shambani, akajikinga kwa kiganja cha mkono wa kushoto, na mfupa wa kifundo ukavunjika. Akafungwa plasta ngumu, ambayo watu wa mjini huiita hogo, akakaa nayo majuma sita. Ilipofunguliwa, picha ilionyesha kwamba mfupa umeunga vizuri. Mkono wenyewe ulitoa habari nyingine. Ulikuwa umevimba na kung'aa kama uliopakwa mafuta. Mara umeiva, mara umesawijika. Ulikuwa na joto ambalo mtu alilisikia kabla ya kuugusa, kisha baada ya majuma machache ukawa baridi. Ulitoka jasho wakati mwenziwe ulipokuwa mkavu. Upindo wa kanga ukiupitia, alilia. Akawa anauviringia kitambaa cha maji, na alipokwenda sokoni alichukua chupa apate kukilowesha njiani.

Majirani walisema amerogwa. Mahali pamoja pa matibabu alipokwenda aliambiwa kwamba picha haina kosa, basi aache deko. Nami nilimpigia simu kutoka chuoni nikamwambia, "Vumilia, Mama. Mfupa ukiunga maumivu huisha." Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Haya, mwanangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Nilikuwa na shahada ya udaktari, nami nilikuwa nimesema neno la mjinga. Insha hii imetokana na aibu ya jibu lile. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni lugha na maandiko. Lakini habari za ugonjwa huu zimo katika maandiko, na nilipozisoma niliona kwamba kwa sehemu kubwa ni habari za watu waliosikilizwa na watu wasiosikilizwa.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, aliandika habari za Mfalme Charles wa Tisa, aliyechomwa mshipa wa mkono ili apunguzwe damu, na maumivu yakaushika mkono ule ukakunjamana kwa muda wa miezi. Mwaka 1813 daktari Mwingereza, Alexander Denmark, alieleza habari za askari aliyepigwa risasi mkononi katika mapigano ya Badajoz ya mwaka uliotangulia. Kila alipomwendea alimkuta ameushikilia mkono mgonjwa kwa mkono mzima. Hawa, hata hivyo, walikuwa watu mmoja mmoja, na habari ya mtu mmoja husahaulika upesi. Ilitokea vita kubwa ndipo wakaonekana wengi mahali pamoja.

Vita hiyo ni ile ya Wamarekani wao kwa wao, ya mwaka 1861 hata 1865. Katika mji wa Philadelphia palikuwa na hospitali katika njia iitwayo Turner's Lane, iliyowekwa kwa ajili ya askari walioumizwa mishipa ya fahamu. Madaktari watatu, Silas Weir Mitchell, George Morehouse na William Keen, walifanya kazi hapo, na mwaka 1864 wakatoa kitabu juu ya majeraha ya risasi na mishipa hiyo. Walieleza askari ambao risasi ilikwisha pita, jeraha likafunga, na mkono au mguu ukabaki unawaka. Ngozi yao iling'aa. Mlio wa karatasi ikikunjwa uliwatia uchungu. Nyayo za mtu apitaye karibu ziliwatia uchungu. Dawa waliyojitafutia wenyewe ilikuwa maji. Walikaa na kitambaa kilichoroweshwa juu ya mkono, wakachukua chupa za maji kila walikokwenda, na wengine wakamimina maji katika viatu vyao, kwa maana msuguano mkavu wa kutembea tu uliwachoma.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mama yangu mdogo hajui Kiingereza wala hajapata kusikia jina la Philadelphia. Baina yake na askari wale palikuwa na miaka zaidi ya 150, bahari moja na vita moja, naye alibeba chupa ile ile. Deko haifundishi watu wawili wasiojuana jambo moja kwa uangalifu kiasi hicho.

Mitchell aliupa ugonjwa jina kwa shauri la rafiki yake, Robley Dunglison, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la joto na la maumivu. Na katika kitabu chake cha mwaka 1872 akaueleza kwa urefu zaidi. Namheshimu kwa jambo moja kubwa: aliwasadiki askari wake. Lakini haki yataka tuseme na la pili. Tabibu huyu huyu ndiye aliyepata sifa baadaye kwa tiba ya mapumziko, ambayo aliwapa hasa wanawake waliosemekana kuwa na udhaifu wa fahamu: kulazwa kitandani majuma kadha wa kadha, kulishwa sana, kuzuiwa kusoma na kuandika. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alitibiwa naye hivyo mwaka 1887, na hadithi aliyoitoa mwaka 1892 kwa sababu ya tiba hiyo imedumu kuliko tiba yenyewe. Leo twajua kwamba ugonjwa wa mkono uwakao huwapata wanawake mara tatu au nne zaidi kuliko wanaume, na kwamba kuulaza mkono pasipo kuutumia ni katika mambo yanayouzidisha. Askari alisadikiwa, mwanamke alilazwa. Mgawanyo huo haukwisha pamoja na karne ile.

Mwaka 1895 Röntgen aligundua miali ya kupigia picha za mifupa, na mwaka 1900 Paul Sudeck, mpasuaji wa Hamburg, alionyesha kwa picha hizo kwamba baada ya jeraha mifupa ya mkono wa wagonjwa wa namna hii hupungua na kuwa kama iliyoliwa. Kwa miaka mingi katika Ulaya ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Ugunduzi huu ulikuwa faida, walakini ulikuja na hasara yake: tangu hapo picha ikawa shahidi mkuu, na mgonjwa ambaye picha yake haikusema neno akawa hana shahidi. Hukumu aliyopewa mama yangu mdogo ilizaliwa siku hizo.

Mwaka huo wa 1900 nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Katavi ilikuwa chini ya bendera ile ile iliyopepea Hamburg. Serikali ya Wadachi ilikuwa imekwisha jenga hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897. Lakini Dar es Salaam ilikuwa mbali sana na Ziwa Tanganyika, na mgonjwa wa huku hakuitegemea. Huku palikuwa na Karema. Boma la Karema lilijengwa kando ya ziwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Na katika Karema palikuwa na tabibu Mwafrika.

Jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, akaibwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Aljeria. Wakampeleka Malta kusoma utabibu pamoja na vijana wengine Waafrika, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Alioa binti wa nchi hiyo, mwanawe akawa padre, naye akatibu watu wa kando ya ziwa mpaka alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Alipowasili, nchi ilikuwa bado ina misafara ya watumwa. Alipokufa, Tanganyika ilikuwa imebakiwa na miaka mitano kufikia uhuru. Maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, nami namsihi kila mwanafunzi wa historia ayasome, kwa kuwa ni machache yaliyoandikwa ambamo mtu aliyekuwa bidhaa asema kwa kinywa chake.

Sidai kwamba Atiman aliutibu ugonjwa wa Sudeck. Namleta hapa kwa sababu nyingine. Ugonjwa huu hauonekani siku ya kuvunjika mfupa. Huonekana baadaye, plasta ikiisha kufunguliwa, wakati mganga aliyeifunga amekwisha mwandikia mgonjwa kwamba amepona. Huhitaji tabibu atakayeuona mkono ule ule mara ya pili, na ya tatu, na mwaka ujao. Tabibu akaaye mahali pamoja miaka 67 hana budi kuwaona wagonjwa wake baada ya kupona kwao. Hukutana nao kanisani, sokoni na matangani. Siku hizi tuna majengo ambayo Atiman hakuota kuyapata, na matabibu wenye elimu inayoizidi ya kwake. Lakini daktari kijana akipangiwa wilaya ya mbali hukaa mwaka mmoja au miwili akahamishwa, na mkono aliouunga hajui uliishia wapi.

Waganga wetu wa mifupa nao wastahili neno. Desturi yao katika sehemu nyingi ni kufunga banzi, kulifungua kila baada ya siku chache, kukanda na kukinyosha kiungo, kisha kufunga tena. Akifunga kwa kukaza mno, mganga aweza kuuozesha mkono, na mikono imekatwa kwa sababu hiyo. Wala kukanda kwa nguvu mkono uwakao si tiba, ni mateso. Lakini katika wazo lao la kutouacha mkono ulale majuma sita kama maiti katika sanda, walikuwa karibu na ukweli.

Vita ya kwanza ya dunia ilifika huku pia. Majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kongo, na Septemba 1916 yakautwaa mji wa Tabora. Mwaka huo huo René Leriche katika Ufaransa alipasua askari waliokuwa na maumivu ya kuwaka, akiondoa nyuzi za fahamu zilizozunguka mshipa mkubwa wa damu, kwa kuwa aliona kwamba nyuzi hizo, zinazotawala jasho na joto la ngozi bila amri ya mtu, zina sehemu yake katika ugonjwa. Vipimo vya baadaye havikuonyesha kwamba kuzikata au kuzilaza kwawafaa wengi kwa muda mrefu. Hata hivyo Leriche aliwaandika majeruhi wake mmoja mmoja, akawasikiliza, na katika kitabu chake cha mwaka 1937 akakataa maoni ya kwamba maumivu daima ni mlinzi mwema wa mwili. Katika vita hiyo hiyo, upande wetu, mizigo ya majeshi yote ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Hao hawakuandikwa mmoja mmoja. Walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya waliokufa.

Mji wa Mpanda kama tuujuavyo ni mtoto wa madini. Risasi ilichimbwa katika mgodi wa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili yake tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita 210, likafika Mpanda mwaka 1950. Kufikia mwaka 1960 uchimbaji ulikuwa umekoma. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Kazi ya mgodi na kazi ya reli ni kazi za mikono: nyundo, mtaimbo, mataruma, mabehewa ya kuunganishwa. Miaka ile sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwa imekwisha tungwa, na sheria za namna hiyo hupenda kuhesabu. Kidole gumba kilichokatika kina bei yake, na mkono uliokatika una bei yake. Mkono uliopo, wenye vidole vyote vitano, ambao mwenyewe hawezi kuufunika kwa shuka, ni vigumu kuupatia mstari katika orodha. Shida hii haikuisha na mgodi. Kila sheria ya fidia iliyokuja baadaye, hapa na ng'ambo, imekutana nayo.

Kwa sadfa ambayo sikuitafuta, mwaka 1946, ule ambao maneno ya Atiman yalichapishwa, daktari wa Marekani James Evans aliupa ugonjwa jina jingine, lililoweka lawama yote juu ya nyuzi za fahamu zile alizozipasua Leriche. Yakawa majina mengi mno: la Mitchell, la Sudeck, la Evans, na mengine ya lugha mbalimbali, hata daktari wa nchi moja asimwelewe wa nchi nyingine. Mwaka 1993 wataalamu walikutana Orlando, Marekani, na kutoka hapo likatoka jina litumikalo leo, ambalo kwa Kiswahili naliita maumivu changamani ya kiungo. Wanafunzi wangu wa tafsiri niliwapa jina hilo la Kiingereza walifasiri, na mmoja, kijana hodari kabisa, akaleta "maumivu changamani ya mkoa". Tulicheka, maana neno la Kiingereza la sehemu ya mwili laweza pia kuwa sehemu ya nchi. Lakini nilipokumbuka Mpanda niliona kwamba kosa lake lilikuwa na chembe ya ukweli.

Mwaka 2003 wataalamu walikutana tena, mara hii Budapest, wakaweka kanuni za kuutambua. Kanuni hizi zafaa zijulikane na kila mhudumu wa zahanati. Ishara zimegawanywa mafungu manne: maumivu na wepesi wa kuhisi mguso, mabadiliko ya joto na rangi, jasho na uvimbe, na mwisho udhaifu wa mwendo pamoja na mabadiliko ya kucha, nywele na ngozi. Maumivu lazima yazidi kiasi cha jeraha lililoyaleta. Mgonjwa aeleze walau ishara moja katika mafungu matatu, tabibu aone walau moja katika mafungu mawili, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoyaeleza vizuri zaidi. Basi. Haitakiwi mashine, wala picha, wala damu ya kupima. Yatakiwa macho, vidole na masikio, na nusu ya hukumu yategemea maneno ya mgonjwa.

Hapo ndipo kazi ya tabibu inapokutana na kazi yangu. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Kanada alitoa orodha ya maneno 78 ya Kiingereza yaelezayo maumivu, akayapanga katika mafungu 20, ili mgonjwa achague lake. Alifanya kazi ya mwanakamusi, na matabibu wakaipokea kama chombo cha hospitali. Kiswahili hakina ufukara katika jambo hili. Maumivu huchoma, huwaka, hufukuta, hupwita, hunyonyota, hukereketa, huwasha, hukata, huvuta, na kiungo hufa ganzi. Mkono unaofukuta si mkono unaopwita: wa kwanza una moto chini ya jivu, wa pili una mapigo ya damu. Lakini mgonjwa wa Katavi aweza kuwa Mpimbwe, Mbende, Mkonongo, Mfipa au Msukuma. Aweza kuwa mzaliwa wa Katumba au Mishamo ambaye wazazi wake walikimbia Burundi kwa mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao hupata Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani, na mtu akiwa katika maumivu hurudi katika lugha ya mama yake. Akifika mbele ya meza hubakiwa na neno moja, "unauma", nalo huandikwa hivyo katika daftari. Mama yangu mdogo, nilipompa muda na kumwuliza kwa upole, alinipa maneno saba tofauti kwa mchana mmoja.

Nini hasa hutokea katika mkono huo? Maarifa ya leo ni kwamba uvimbe wa moto unaoletwa na jeraha hauzimwi kwa wakati wake. Nyuzi za fahamu huzidi kuwa kali hata mguso wa nguo ukasomwa kama kisu. Na katika ubongo ramani ya mkono, ambayo kila mtu anayo, huvurugika, hata mgonjwa mwingine akasema mkono si wake. Hapana uongo ndani yake, wala udhaifu wa moyo. Hofu na kukosa usingizi huzidisha maumivu haya kama yanavyozidisha maumivu yote, lakini kuyazidisha si kuyazaa.

Katika mwezi wa tano baada ya kuanguka kwake, mama yangu mdogo alipata bahati ya kukutana na mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana aliyesomea Moshi. Kijana huyu alimsalimu shikamoo, akavuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, huu ni ugonjwa, nao una jina." Mama yangu mdogo anasema kwamba usiku ule alilala. Huenda ni amitriptilini aliyoandikiwa na daktari, dozi ndogo ya usiku, ambayo hutumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na bei yake si kubwa. Yeye asema ni yale maneno.

Tiba iliyofuata nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa vyombo vyake vyapatikana Mpanda kama vinavyopatikana London. Kwanza ni kuuzoeza mkono mguso: pamba, kisha kanga kuukuu, kisha taulo, kisha kuutia katika sinia ya mchele na mwishowe ya maharage, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Pili ni kioo. Katika miaka ya 1990 Vilayanur Ramachandran, mwenye asili ya Uhindi akiwa Marekani, aliwatumia kioo watu waliokatwa mikono; mgonjwa hutazama mkono mzima katika kioo, na jicho huuambia ubongo kwamba mkono wa pili unatembea bila maumivu. Mwaka 2003 Candy McCabe na wenziwe, Uingereza, waliwajaribu hivyo watu wanane wenye ugonjwa huu: waliougua kwa majuma machache walinufaika sana, waliougua miaka miwili na zaidi hawakupata faida. Mwaka uliofuata Lorimer Moseley wa Australia, kwa wagonjwa 13 wa muda mrefu, alionyesha kwamba hao nao waweza kusaidiwa wakianza mbali zaidi: kwanza kutambua katika picha kama mkono ni wa kushoto au wa kulia, kisha kuuwaza unatembea, ndipo kioo. Majaribio haya ni madogo, na yasichukuliwe kama mwisho wa maneno. Lakini yote yakubaliana katika jambo moja, kwamba kila juma linalopotea lina gharama.

Tatu ni kazi. Katika miaka ya 1980 wapasuaji wa mikono wa Marekani walieneza tiba ambayo kwa Kiswahili ni kusugua na kubeba: mgonjwa hupiga magoti, huegemea mkono mgonjwa juu ya burashi akasugua sakafu, na wakati mwingine hubeba mzigo ulioongezwa kidogo kidogo. Mama yangu mdogo alipoambiwa hivyo alimtazama yule kijana akamwuliza, "Mwanangu, hii ndiyo dawa ya Wazungu?" Alianza na kopo la lita moja. Baada ya miezi minane alibeba ndoo nusu. Siku nyingine maumivu yalizidi, akapunguza, hakuacha. Madaktari wana na dawa nyingine za kutumia mapema, vidonge vya kuzima uvimbe na vya kuimarisha mifupa, na wako wanaotoa vitamini C baada ya mfupa wa kifundo kuvunjika, jambo ambalo wataalamu bado hawajapatana juu yake.

Ni watu wangapi? Katika Uholanzi, mwaka 2007, ilikadiriwa kwamba kila mwaka hupatikana wagonjwa wapya 26 katika kila watu 100,000. Katika sehemu moja ya Marekani, mwaka 2003, kiasi cha 5.5. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Katavi, uliozaliwa kutoka Rukwa mwaka 2012, watu 1,152,958. Hesabu ya nchi ya mbali haiwezi kuwa mizani ya nchi ya karibu. Lakini tukiipima hivyo hivyo kwa ajili ya kupata picha, ni baina ya watu 60 na 300 kila mwaka. Nao wanakaa katika mkoa ambao bodaboda zimeongezeka kila njia, na ambao mgonjwa wa vijiji vya Mishamo au kando ya ziwa husafiri siku nzima kufika Mpanda. Barabara ya lami ya kwenda Tabora kupitia Koga imefupisha safari ya anayehitaji kwenda mbele zaidi, jambo la kushukuriwa. Ila ugonjwa huu, ukitambuliwa mapema, hauhitaji safari hiyo.

Afrika Mashariki imekwisha onyesha kwamba maumivu yaweza kusikilizwa. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya kunywa ikawafikia wagonjwa wa saratani majumbani mwao. Katika Tanzania taasisi ya saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika majengo yale ya Wadachi, imefanya kazi kama hiyo. Lakini hao ni wagonjwa ambao watu wote wanajua kwamba watakufa. Mofini si dawa ya kutegemewa kwa mkono uwakao, na mwenye mkono huo hafi. Ataishi miaka 30 zaidi, akipika na kulima kwa mkono mmoja, na kwa sababu hafi hakuna anayeharakisha.

Mkono wa mama yangu mdogo haujawa kama mwenziwe. Kidole cha mwisho hakikunji, na katika baridi ya Juni na Julai huamka akiuviringia kanga, kanga ile ile iliyokuwa ikimliza. Chupa ya maji aliiacha mwaka 2020. Nilipomtembelea likizo iliyopita nilimkuta barazani anabambua karanga kwa mikono miwili, nikamwuliza kile kioo kikubwa cha fremu ya mbao alichokuwa akikitumia kiko wapi, maana ukutani palibaki msumari tu. Akaniambia amemwazima kijana wa nyumba ya tatu, dereva wa bodaboda, ambaye plasta yake ilifunguliwa juma lililopita.